Manjano na pilipili manga

Watu huuliza kama pilipili manga husaidia mwili kufyonza manjano. Ndiyo, husaidia kweli. Kukumini, kile kiini kinachoyapa manjano rangi yake, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, na hata kidogo kinachopenya utumbo hugeuzwa upesi na ini kisha kutolewa. Piperini, inayoipa pilipili manga ukali wake, huchelewesha kazi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwapa watu gramu 2 za kukumini pamoja na miligramu 20 za piperini, na kiwango kwenye damu kikapanda mara nyingi sana. Mafuta nayo husaidia, kwa hiyo kukaanga manjano kidogo kwenye mafuta ni bora kuliko kuyakoroga kwenye maji matupu.

Ila unga wa manjano una kukumini takriban asilimia 3 tu: gramu 3 za unga ni kama miligramu 90, mbali mno na dozi ya utafiti ule. Chakulani hayana shida. Ninachokiogopa ni vidonge vya kukumini nyingi vilivyotiwa piperini. Vimeshaumiza maini ya watu, na piperini hiyo hiyo huweza kuongeza kiwango cha dawa nyingine mwilini. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.