Maswali ya Wapiga Muziki: Pedali inayoiga amplifaya ya besi

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Napiga besi kwenye kwaya ya kanisa, Tabata. Gitaa letu ni la nyuzi nne, la zamani, halitumii betri. Kanisa halina amplifaya ya besi, kwa hiyo tunachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa. Sauti inatoka nzito lakini imekufa. Noti hazitofautiani, na fundi mitambo akiongeza, maspika yanatetemeka tu. Duka moja Kariakoo wamenishauri ninunue pedali ya ovadraivu, kile kifaa cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti kidogo, inayoiga amplifaya. Mwalimu wa kwaya amekataa, anasema hiyo ni ya watu wa roki na itakwaruza ibadani. Je, ninunue, au tuchangishane tupate amplifaya?
Mpiga besi wa kwaya, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nunua pedali. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu barua za namna yako ni nyingi, na mimi huumia ninapoingia kanisani nikamkuta kijana anayejua kupiga, vidole vimetulia, halafu sauti yake inafia njiani kabla ya kufika kwa watu.

Sauti yenu inaharibika mahali pawili. Pa kwanza ni pale kwenye tundu la mikisa. Pikapu za gitaa lisilo na betri, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, hutoa umeme dhaifu, na umeme huo unataka kupokelewa na mlango wenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni 1. Mlango wa laini wa mikisa nyingi una omu elfu 10 mpaka elfu 20 hivi. Ukichomeka hapo, mikisa inaielemea pikapu, na kinachopotea kwanza ni zile sauti za juu, yaani ule mguso wa kidole kwenye uzi, mwanzo wa noti. Ndiyo maana unasema imekufa. Fundi mitambo wenu hana kosa. Anaongeza kitu ambacho uhai wake umeshaachwa kwenye waya.

Pa pili ni kwamba hamna spika ya besi. Sauti ya besi tuliyoizoea kwenye rekodi nyingi ni ya gitaa lililopita kwenye amplifaya ya vali, zile taa za kioo zinazokuza sauti, na boksi la spika, kisha maiki au masikio yakapokea. Mfano mkubwa ni Ampeg SVT ya Marekani, iliyotoka mwaka 1969. Ilikuwa na wati 300 na vali 14, na boksi lake lilikuwa na spika 8 za inchi 10. Vali ikisukumwa sana haikati sauti ghafla. Inaikunja taratibu na kuiongezea utajiri. Nazo spika za inchi 10 za karatasi hazifiki juu sana, kwa hiyo zile kelele za kucha na msuguano wa nyuzi zinabaki nje. Ukichomeka kwenye mikisa unakosa vyote viwili.

Sasa nani ataubeba mzigo ule? Boksi lenyewe linazidi kilo 60, haliingii kwenye bajaji. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ya New York, ya fundi aitwaye Andrew Barta, ilitoa kifaa kidogo kiitwacho SansAmp, kilichoiga amplifaya ya vali, boksi lake na maiki kwa saketi za kawaida, bila kompyuta ndani. Baadaye ikatoka SansAmp ya besi, Bass Driver, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo, za bei kubwa na za bei ndogo. Nina hakika hiyo uliyoonyeshwa dukani ni ya ukoo huu, au muuzaji anadhani ni ya ukoo huu. Angalia vizuri kabla ya kulipa. Ovadraivu nyingi haziigi boksi la spika. Boss ODB-3, kwa mfano, ni ovadraivu halisi ya besi, lakini haina tundu la waya wa maiki na haiigi boksi. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye mikisa utapata mkwaruzo mkavu unaouma masikio, na hapo mwalimu wako atakuwa amesema kweli. Usikubali kabisa kupewa ya gitaa la solo kama Tube Screamer. Ile imeundwa kupunguza uzito wa chini ili solo ipenye, na wewe uzito huo ndio kazi yako. Geuza kifaa nyuma. Lazima uone tundu la XLR, lile la pini tatu linalopokea waya wa maiki, na maelezo yake yaseme kinaiga amplifaya na spika.

Turudi kwa mwalimu. Hofu yake ninaiheshimu, ibada si mahali pa kelele. Lakini amesikia ovadraivu iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ovadraivu kidogo sana, ile ambayo huisikii kama mkwaruzo, ndiyo itakayowafanya waumini wausikie wimbo. Uzi wako mnene ukiupiga wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Maspika mengi ya makanisa yetu, yale ya inchi 12 juu ya stendi, hayawezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo. Fundi akiiongeza, spika inahangaika na kutetemeka, kama ulivyosema. Ovadraivu huizalishia noti hiyo sauti nyingine juu yake: 82, 123, 164 na kuendelea. Hizo spika inaziweza. Sikio la binadamu likizisikia zimepangana hivyo, lenyewe linaijaza ile ya chini iliyokosekana na kuitambua noti. Hata mama aliyerekodi wimbo kwa simu akaurusha kwenye kundi la familia atasikia besi inatembea, ingawa spika ya simu yake haifiki huko chini kabisa.

Kupanga ni hivi. Ile iliyoandikwa Drive ifungue robo tu. Blend, inayochanganya sauti safi na sauti iliyoigwa, ianzie nusu, uipandishe polepole mpaka gitaa lisikike kama limesimama ndani ya chumba. Presence, inayoongeza ukali wa sauti za juu, iwe chini, karibu na sifuri, kwa maana maspika ya kanisa yana twita, yaani vispika vya sauti za juu, kali tayari. Bass na Treble ziache katikati. Najua mkono utawasha kuongeza Bass. Jizuie, kwa sababu ukiongeza hapo unarudi kwenye kutetemeka. Toa waya wa XLR uende kwenye mlango wa maiki wa mikisa, na mwambie fundi azime chaneli kabla hujachomeka. Sauti ikiwa kubwa mno kwa mlango wa maiki, pedali nyingi zina swichi ya kuipunguza.

Panga wakati kwaya inaimba, usipange peke yako. Besi inayopendeza ukiwa peke yako mara nyingi huzama wote wakianza. Na kuna jambo ambalo hukuuliza, lakini nitalisema: mwangalie mpiga kinanda wenu, mkono wake wa kushoto. Wapiga kinanda wetu wa kanisani wamezoea kupiga besi wenyewe kwa sababu miaka mingi hawakuwa na mpiga besi. Kama naye anapiga noti za chini zilezile, hakuna pedali itakayowatenganisha. Kaa naye kwa upendo mkubaliane apandishe mkono.

Siku ya kumwonyesha mwalimu, chagua tenzi ya polepole. Msihi akasimame nyuma kabisa, mlangoni, siyo mbele. Piga ubeti mmoja pedali ikiwa imezimwa kwa mguu, ubeti wa pili imewashwa. Kabla ya hapo hakikisheni ukubwa wa sauti unalingana pande zote mbili, kwa sababu masikio yetu hupenda kilicho kikubwa zaidi na kukiita kizuri. Halafu muulize noti gani zinasikika. Mimi naamini atakubali.

Mchango wenu uanze na pedali. Kikibaki kitu, nunueni spika ndogo ya jukwaani ili wewe na waimbaji mjisikie. Amplifaya ya besi iwe ya mwisho.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni binti, napiga besi kwenye bendi ya hotelini na harusini, Mbezi Beach. Pedali ya kuiga amplifaya ninayo, naichomeka kwenye amplifaya ya besi ya ukumbi. Inatoka kama imefunikwa blanketi. Halafu tukifika kwenye sebene naongeza Drive ili nisikike, ndiyo kwanza napotea. Magitaa yote yanasikika isipokuwa mimi.
Binti wa besi, Mbezi Beach

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kushika nafasi hiyo.

Blanketi hilo ni boksi mbili. Pedali imeshakata sauti za juu kama boksi la spika, kisha unaipeleka kwenye boksi la kweli, linakata tena. Tazama nyuma ya amplifaya ya ukumbi kama kuna tundu la Return. Ukiingilia hapo unaruka sehemu ya mbele ya amplifaya, na hilo linasaidia kiasi. Njia ninayoipenda mimi ni nyingine: pedali nyingi za aina yako zina tundu la pili linalotoa sauti safi, isiyoguswa. Hiyo safi ipeleke kwenye amplifaya iliyo nyuma yako jukwaani, na ile iliyoigwa ipite kwenye XLR kwenda kwa fundi mitambo na maspika makubwa. Hapo kila boksi linafanya kazi mara moja. Kama tundu hilo halipo, punguza Blend mpaka blanketi liondoke.

Kuhusu sebene, unachokifanya ni kinyume. Drive ikizidi, kilele cha noti kinakatwa, na mwanzo wa noti na mwili wake vinakuwa na ukubwa mmoja. Kwenye roki hilo linaweza kufaa, kwa kuwa besi inajaza ukuta pamoja na gitaa. Sebene inaishi kwa ule mdundo wa kidole, noti fupi, kisha nafasi, kisha noti. Ukiufuta mdundo, besi inageuka mngurumo mmoja mrefu, na mngurumo huo unaangukia palepale zilipo gitaa la rithimu na solo, ambazo kwa sauti za katikati zitakushinda siku zote.

Kwa hiyo sebene ikiingia, shusha Drive. Kama pedali yako au amplifaya ina Mid, yaani sauti za katikati, pandisha kidogo kwenye eneo la mitikisiko 500 mpaka 800 kwa sekunde, na upunguze ya chini kabisa, ambayo kwenye kumbi zenye kuta za vioo na vigae huzunguka tu. Piga karibu zaidi na daraja la gitaa. Zisikilize rekodi za zamani za Msondo na Sikinde zilizofanyika studio za Redio Tanzania, sikiliza besi peke yake mpaka mwisho wa wimbo. Utasikia jinsi inavyonyamaza ili tumba iseme, kisha inajibu. Vifaa vya wakati ule havikuwa vikubwa, na bado kila noti unaihesabu. Nadhani kizazi chenu kina vidole vyepesi kuliko chetu, lakini mnaogopa kunyamaza, na mtu asiyenyamaza jukwaani hasikiki.

Jambo moja zaidi: mwombe mpiga rithimu apunguze besi kwenye amplifaya yake. Atalalamika dakika mbili, kisha wote mtasikika.

SWALI: Naweza kutumia adapta ya redio ya volti 9 kwenye pedali yangu? Na kuna mlio unaunguruma ukumbini kila nikichomeka kwenye mikisa.
Msomaji wa Temeke

JIBU: Tazama kwanza mchoro mdogo ulioandikwa karibu na tundu la umeme la pedali, ufananishe na ulio kwenye adapta. Pedali nyingi hutaka hasi iwe katikati ya pini, na adapta nyingi za redio zimewekwa chanya katikati. Ukikosea unaweza kuiua. Angalia pia adapta isipungukiwe na miliampia zilizoandikwa kwenye pedali. Adapta za bei ya chini sana hupitisha kelele hata zikilingana, kwa hiyo kabla ya kulaumu kitu kingine weka betri na usikilize. Baadhi ya pedali hupokea pia volti 48 kutoka mikisa kupitia waya wa maiki, muulize fundi kama mikisa yake inatoa.

Mlio ukibaki hata kwa betri, kuna uwezekano ethi imefanya mzunguko kati ya mikisa na amplifaya yako. Bonyeza swichi ya ethi kwenye pedali, ile iliyoandikwa Ground au Lift. Usikate kamwe pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, hata mtu akikuambia mlio utakwisha. Mlio utakwisha kweli, lakini siku kukiwa na hitilafu, umeme wa volti 230 utatafuta njia kupitia nyuzi na midomo iliyo kwenye maiki.

Na kwa hewa yetu ya chumvi, futa jeki na matundu kwa spiriti mara kwa mara. Chomoa waya wa gitaa kila ukimaliza, maana pedali nyingi hula betri muda wote waya ukiwa ndani, na kama huna onyesho karibuni toa betri kabisa isije ikavuja.