Apizo la sekunde nne mbele ya bunduki

Mkuu mleta mada, umeuliza hivi: kikosi cha askari wa siku hizi kikivuka kikaingia kwenye dunia ya wachawi, nani atamshinda mwenzake, na utaiandikaje bila hadithi kugeuka kichekesho. Naona wengi waliotangulia wamekimbilia kupima nguvu: mpira wa moto ni sawa na bomu gani, kinga inazuia risasi ngapi. Nilipita njia hiyohiyo nikaumbuka, ngoja nikusimulie.

Nilikuwa naandika hadithi ya mfululizo, sura moja kila wiki. Kwenye sura ya kumi na moja mchawi wangu mkuu, mzee mwenye fimbo, anajitokeza uwandani. Askari ishirini wenye AK-47 wako mita mia mbili mbele yake. Anainua fimbo, ananuiza, ukuta wa mwanga unasimama, risasi zinamwagika miguuni pake kama punje za mahindi. Sura ile niliipenda mno. Msomaji mmoja, aliyesema aliwahi kuwa askari, akaniandikia mstari mmoja tu: hilo apizo lisome kwa sauti huku umeshika saa.

Nikalisoma. Maneno tisa, sekunde nne. Nikarudia mbiombio kama mtu anayekimbizwa na nyuki, zikawa tatu.

Sasa piga hesabu. AK-47 ikiachiwa hutema risasi kama 600 kwa dakika, yaani kumi kila sekunde, na magazini yake ya kawaida hubeba 30. Hata kwa ule usomaji wa kukimbizwa, mzee anamaliza neno la mwisho wakati askari wa kwanza keshamaliza magazini. Tena risasi hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 715 hivi kwa sekunde, ilhali sauti husafiri mita 340. Kwa umbali ule risasi inafika kabla ya mlio wake. Mzee hasikii chochote cha kumwambia aanze kunuiza. Anakufa akisafisha koo.

Tangu siku hiyo sijali tena nani ana nguvu. Najiuliza mchawi anajua saa ngapi kwamba anapigwa. Kama kinga yake ni ya kutamka, anahitaji mtu wa kumchungulilia, au ndege wa kumwonya mapema. Kama ni kago analotembea nalo usiku na mchana, basi lina sharti, na hilo sharti ndilo hadithi yenyewe. Langu lilikuwa dogo: mwenye kago asigeuke nyuma. Likanipa sura tatu, maana ukiitwa na mwanao kutoka nyuma yako huku mbele kuna mitutu, utafanyaje?

Kosa jingine ninalokutana nalo sana: risasi inagonga kinga, mchawi anarushwa mita tano. Hapana jamani. Risasi ile ina gramu kama nane. Msukumo anaoupata aliyeizuia hauzidi ule uliompiga mfyatuaji begani. Kama mmoja hakuanguka, na mwenzake haanguki. Mzinga ni habari nyingine. Kombora la milimita 155 lina kilo arobaini na ushei, linaweza kutoka kilomita 20 nyuma ya vilima, na aliyelifyatua hata hakuoni. Ukuta wa mwanga mbele ya kifua utakusaidia nini na kitu kinachoshuka kutoka juu?

Lakini bunduki nayo ina pabaya pake, na hapo ndipo nilipofurahi. Karibu kila hadithi ina apizo la kuwasha mshumaa, wanalofundishwa wanagenzi mwanzoni kabisa. Haya, anayewasha utambi bila kuugusa anashindwaje kuwasha baruti? Kwa hiyo nilipoandika upya, mzee nilimweka pembeni nikamchukua msichana asiyejua kitu kingine zaidi ya mshumaa. Sharti lake: hawashi asichokifahamu. Usiku mmoja anaiba risasi moja, anaibana kwa koleo, anaizungusha polepole mpaka kichwa kinang'oka. Anamwaga kiganjani chembe za kijivu, ndogo kama mbegu za mchicha. Anazinusa, anaonja moja, anatema. Kesho yake askari wanapita barabarani na sanduku za risasi juu ya mkokoteni, naye amekaa kwenye ukingo anachambua mboga.

(Angalizo kwa wanaopenda sinema: risasi ikiwaka nje ya mtutu hairuki kama iliyofyatuliwa. Ganda hupasuka, vipande vyake ndivyo vinavyojeruhi walio karibu. Iliyo ndani ya mtutu ndiyo inayotoka kweli, kokote ulikoelekea.)

Usisahau pia kuhesabu watu. Upinde mrefu wa Waingereza, uliotamba kwenye vita vya Crécy kule Ufaransa mwaka 1346, ulidai mtu aanze mazoezi utotoni. Bunduki za mwanzo zilikuwa nzito, shabaha mbovu, kupakia ni kazi, lakini kurutu alifundishika kwa majuma machache. Kama mchawi wako amesoma miaka ishirini, kila anayekufa ni miaka ishirini imezikwa. Upande wa pili wanaleta kurutu wengine.

Jambo moja nakuomba: usiwafanye wajinga wanaoamini dawa mbele ya bunduki. Watu wa kweli wamekufa hivyo, wapiganaji wa Yihetuan (Mabondia) kule China mwaka 1900, Maji Maji kati ya 1905 na 1907. Maji yale hayakuzuia risasi, lakini yaliwakusanya watu wa makabila mengi ambao hawakuwahi kuwa na jeshi moja. Dawa iliyoshindwa kazi moja na kufanikiwa nyingine, hiyo mimi naiona tamu kuandika kuliko ukuta wowote wa mwanga.

Mzee wangu siku hizi anakufa kwenye neno la tano. Yaliyobaki manne nimempa yule msichana, bado hajui ya nini. Wewe apizo lako lina maneno mangapi? Liweke hapa tulipime kwa saa.