Mwanangu amelikimbia gari tulilopanga kulifufua pamoja

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Mwanzange hapa Tanga. Mwaka jana nilinunua Land Rover 109 ya petroli, ya mwaka 1978, iliyokuwa juu ya mawe kwenye shamba moja la mkonge njia ya Muheza. Nikamwambia kijana wangu wa miaka 15 kwamba tutaifufua mimi na yeye, kidogo kidogo, kwa pesa ya kuokoteza. Wiki za mwanzo alikuwa anaamka kabla yangu. Sasa nikimwita, mara kichwa kinamuuma, mara ana hesabu za shule, mara ana mpira. Kilichoniudhi zaidi, siku moja alifungua bolti ya pampu ya maji, akaila kona zote. Nikamgombeza mbele ya wenzake, nikamwambia kuanzia leo wewe shika kurunzi tu. Mama yake naye anasema pesa ya bati nimeizika uani. Nimlazimishe kijana, au niliuze gari kama chuma chakavu nipumzike?

Baba wa Mwanzange

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linasimama palepale, kwenye hiyo bolti ya pampu ya maji.

Spana uliyompa ilikuwa namba ngapi? Kama seti yako ni hizi za milimita tunazonunua siku zote, nadhani ilikuwa 13, maana ndiyo inayokaribia. Sasa sikia. Land Rover za miaka ile zimefungwa kwa vipimo vya inchi. Bolti nyingi ndogo za gari hilo vichwa vyake ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia vizuri, unadhani imeshika, lakini ukitia nguvu inacheza kwenye kale kanafasi na kona zinaliwa. Bolti yenyewe imekaa miaka kwenye kutu. Hapo hata fundi mwenye mvi angeila. Mtoto hakukosea. Alipewa spana isiyo ya gari lile, kisha akaaibishwa mbele ya marafiki zake, akapokonywa kazi.

Na kazi uliyombakishia naijua. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva shambani, na Land Rover ya kazi ikilala kwetu usiku ilikuwa lazima ifunguliwe kitu. Mshika kurunzi nilikuwa mimi. Unasimama mpaka mkono unakufa ganzi, mbu wanakula miguu, ukiyumba kidogo unaambiwa "Mulika huku!" na huko kwenyewe hukuoni kwa sababu kichwa cha mtu kimeziba. Nilizijua sauti zote za gari lile, lakini sikuwahi kupewa hata plagi moja niifungue kwa mkono wangu. Ndugu yangu wa kiume alipewa. Kwa hiyo nikikwambia kijana wako hajalichoka gari, amechoka kurunzi, usinibishie.

Usimlazimishe. Wala usiuze, bado. Mpe kitu kimoja cha gari hilo kiwe chake peke yake, ambacho wewe hukigusi mpaka akuite.

Mimi ningempa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ni ndogo, inaingia kwenye sinia, na akiiharibu hafi mtu. Aifungue mchana, nje, mbali na jiko la mama yake, maana hata petroli kidogo iliyobaki ndani inawaka. Atandike kitambaa cheupe, na kila anachokitoa akipige picha kwa simu kabla hajakitoa. Ndiyo, simu hiyohiyo wazazi tunayoilalamikia kila siku, hapa ndiyo kitabu chake cha ufundi. Ndani atakuta utando wa kahawia kama gundi, hiyo ni petroli iliyokaukia humo gari likiwa limelala. Aoshe, apulize vitundu vya jeti, vile vya kupitishia petroli, kwa pampu ya baiskeli. Asichokonoe kwa waya, tundu likipanuka gari litakunywa mafuta kama ng'ombe. Halafu mwoneshe jambo moja. Kama kabureta ni ya Zenith, ambayo ndiyo iliyokuja na injini hizo, uso wa pale kifuniko kinapokutana na bodi yake hupinda kwa joto la miaka, petroli ikawa inapita isipotakiwa. Dawa yake ni kipande cha kioo kilichonyooka, msasa laini juu yake, na kijana anasugua uso ule taratibu kwa mzunguko mpaka wote ung'ae sawasawa. Mahali palipopinda panabaki peusi, anapaona kwa macho yake pakipungua siku hadi siku. Gharama ni bei ya msasa. Kioo tafuteni kilichovunjika kwa fundi madirisha.

Akimaliza kabureta, mpe nyaya za umeme, ila terminali za betri ziwe zimetolewa. Breki usimwachie mtoto, na wewe pia usizifanye peke yako. Gari hilo lina breki za ngoma magurudumu yote manne, na raba za ndani za silinda zake zikikaa miaka hazifai tena, hata zikionekana nzima. Mlete fundi breki anayeaminika, si fundi maiko, wewe na kijana mkae hapo mkimtazama. Hapo msipunguze hata senti.

Na kabla hamjaweka pesa nyingine yoyote, lala chini ya gari na nyundo. Bodi ya Land Rover sehemu kubwa ni aluminiamu, ndiyo maana kwa juu inaonekana imetulia hata ikizeeka. Mwanao aitoe sumaku kwenye spika mbovu, aijaribu katikati ya mlango. Haitaganda, na nina hakika atakuuliza kwa nini, nawe utakuwa na la kumweleza. Lakini chesisi, ule mfupa wa chini unaobeba gari zima, ni chuma, na sisi watu wa Tanga tunajua chumvi ya bahari inavyofanya chuma, hata mageti yetu yanajieleza. Gonga pole pole kutoka mbele kwenda nyuma, hasa boriti ya mwisho kabisa kule nyuma na mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, kama unagonga mbao iliyolowa, na bisibisi inazama. Usidanganywe na lami nyeusi iliyopakwa nzuri. Ikiwa pameoza mahali pawili au patatu, mchomeleaji mzuri anakata na kuweka chuma kipya. Ikiwa imeoza yote, hapo ndipo nitakwambia uza, tena mueleze kijana kwa nini, mkiwa mmelala wote wawili pale chini mnaangalia.

Hapohapo chini: jeki peke yake haibebi roho ya mtu. Wekeni stendi au magogo mazito. Tofali la saruji linapasuka bila kuaga.

Injini msiifungue kwanza. Toeni plagi, mmimine oili kidogo kila silinda, mlale. Kesho yake mzungushe kwa hendeli ya mbele, gari hizo hendeli wanazo, na dole gumba mliweke upande mmoja na vidole vingine, msilizungushie chuma, injini ikirudi nyuma siku mtakayowasha inavunja mkono. Ikizunguka bila kukwama mmeshaokoa pesa nyingi. Rangi ni ya mwisho kabisa. Nimeona wengi wanaanza na rangi kwa sababu ndiyo jirani anayoiona, wakaishia na gari linalong'aa juu ya mawe.

Kuhusu mama yake, ana haki. Ulitoa pesa ya nyumba bila kukaa naye, na gari linamkodolea macho kila anapoanika nguo. Kaeni, mpange kiasi cha kila mwezi cha gari, hata kikiwa kidogo, na kisichovukwa. Bati lianze. Mwezi ambao hakuna, mnasugua na kuosha, kazi hizo hazina bei. Daftari la matumizi alishike kijana, awe anamsomea mama yake mwisho wa mwezi. Na kadi ya gari kama bado ina jina la shamba, shughulikia uhamisho TRA mapema, usije ukafufua gari la watu.

Mpira wake mwachie. Saa mbili za Jumamosi asubuhi zinatosha, na rafiki zake wakija waache waingie. Haohao uliomgombeza mbele yao. Tena ukiwa naye pale chini usimgeuzie hotuba za maisha na matokeo ya mtihani. Zungumzeni gari. Mengine akitaka atayaleta mwenyewe. Watoto wa umri huo husema mambo mazito mikono ikiwa na grisi na macho yakitazama kwingine, na wewe usigeuze shingo kumtazama, endelea kufungua.

Jumamosi hii nenda Ngamiani kwa wanaouza vyuma vilivyotumika, utafute spana moja tu ya nusu inchi. Usimwite. Mpelekee alipo, umwekee mkononi, umwambie ile bolti haikuwa kosa lake, spana ndiyo ilikuwa ya gari lingine, na baba hakujua. Wenzake wakiwepo, sema mbele yao.

Kisha kurunzi shika wewe.

Shangazi