Kuhusu manowari Duguay-Trouin

Umeuliza kama ni kweli kwamba manowari ya Kifaransa iliyokuwapo katika vita vya majini vya Trafalgar, kati ya Waingereza na Wafaransa, ilidumu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni kweli, ingawa sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa chini ya bendera ya adui, yaani Uingereza.

Meli hiyo ni Duguay-Trouin, merikebu ya mizinga 74 iliyoshushwa majini huko Rochefort mwaka 1800. Tarehe 21 Oktoba 1805 ilikuwa Trafalgar katika kikosi cha amiri wa Kifaransa Dumanoir, ambacho kilichelewa mno kugeuka kuwasaidia wenzao, kisha kikatoroka. Siku 14 baadaye, tarehe 4 Novemba, kikosi cha Kiingereza cha Sir Richard Strachan kiliziteka meli zote nne za Dumanoir karibu na rasi ya Ortegal, Hispania.

Waingereza waliipa jina la Implacable, na mwaka 1808 ilipigana na meli ya Kirusi Vsevolod katika Bahari ya Baltiki. Ilishiriki pia katika vita vya pwani ya Shamu (Syria) mwaka 1840, na tangu 1855 ikawa chuo cha kufunzia vijana ubaharia.

Gharama za matengenezo ndizo zilizoiua: tarehe 2 Desemba 1949 ilizamishwa kwa baruti karibu na kisiwa cha Wight, ikipeperusha bendera za Ufaransa na Uingereza kwa pamoja. Mapambo ya shetri yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich.