Kabla hujachagua zana ya kuandikia nyaraka za programu

Watu wanaokabidhiwa kazi ya kuandika nyaraka za programu kwa mara ya kwanza hunijia na swali moja: nitumie zana gani? Nami huwarudishia swali: toleo lijalo likitoka na nusu ya uliyoyaandika yakawa si kweli tena, nani atasahihisha, na itamgharimu jasho kiasi gani?

Nauliza hivyo kwa sababu nyaraka huandikwa mara moja na husahihishwa maisha yote. Kitufe kinabadilishwa jina, amri inaongezewa chaguo jipya, faili la mipangilio linahamishiwa folda nyingine. Zana inayompendeza mwandishi siku ya kwanza lakini inayomzuia mwenzake kurekebisha sentensi moja miezi sita baadaye ni zana mbaya, hata kama kurasa zake zinang'aa.

Ndiyo maana mimi huanzia kwenye matini ya kawaida: faili jepesi linalofunguka kwenye kihariri chochote, linalokaa pamoja na msimbo wenyewe ndani ya Git, zana inayotunza historia ya kila badiliko la faili. Faida yake kubwa ni kwamba badiliko la msimbo na badiliko la maelezo yake husafiri pamoja. Anayekagua kazi anaona vyote viwili na anaweza kusema, "Umebadilisha tabia ya amri hii, mbona mwongozo haujaguswa?" Faili la Word haliwezi kukupa hilo kirahisi. Ndani yake ni kifurushi cha zip kilichojaa XML (maandishi yaliyozungushiwa alama za kuelekeza mashine), na Git ikiachwa ilivyo haitakuonyesha sentensi ipi imeguswa, itakuambia tu kwamba faili limebadilika. (Word siichukii. Kama hati inakwenda kwa mwanasheria au kwa mteja anayetaka kuweka sahihi, mpe Word mtu wa watu.)

Ukishaingia kwenye matini ya kawaida, jizoeshe kuanza kila sentensi kwenye mstari wake. Msomaji wa mwisho hataona tofauti, maana mistari huunganishwa kuwa aya ukurasa unapotengenezwa. Ila Git hulinganisha mistari, kwa hiyo sentensi moja ikibadilika, anayekagua anaona hiyo moja, si aya nzima imewekwa rangi nyekundu na kijani. Brian Kernighan wa Bell Labs aliwapa watumiaji wapya wa mfumo wa kompyuta wa Unix ushauri huo huo mwaka 1974, kabla Git haijazaliwa kwa zaidi ya miaka 30, na sababu yake ilikuwa hiyo hiyo: hati itapitia matoleo mengi kuliko unavyodhani, basi rahisisha kuibadilisha.

Sasa, matini ya aina gani, yaani yenye alama zipi za kuonyesha vichwa, orodha na viungo? Hapa ndipo watu hugombana.

Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, inajulikana na karibu kila msanidi wa programu. Huhitaji kumfundisha mtu, na hilo peke yake linaifanya ishinde mara nyingi. Udhaifu wake ni kwamba ilizaliwa kwa ajili ya makala za mtandaoni. Haina njia yake ya kuweka kisanduku cha tahadhari wala rejeo la ndani linalojua kwamba sehemu unayoielekezea imefutwa. Kila zana imejiongezea vionjo vyake. CommonMark ilikuja mwaka 2014 kuweka sarufi moja iliyo wazi, lakini viongezo bado vinatofautiana, na ukurasa unaopendeza kwenye zana moja unaweza kutoka umevurugika kwenye nyingine. Ukiichagua, andika ile ya msingi kadiri uwezavyo.

reStructuredText ina makali zaidi. Ndiyo inayotumiwa na Sphinx, zana iliyotoka mwaka 2008 na kujengwa kwanza kwa ajili ya nyaraka za lugha ya programu ya Python. Unaweza kurejelea kazi (function) au darasa (class) la msimbo kwa jina lake, na jina likipotea Sphinx ikipangiwa kuwa kali inagoma kukamilisha kurasa. Kwa maktaba kubwa ya msimbo sijaona cha kuizidi kwa hilo. Tatizo ni uandishi wenyewe: nafasi za mwanzo wa mstari zinataka uangalifu, na viungo vinaandikwa kwa alama ambazo mimi bado huzichungulia kwenye mwongozo.

AsciiDoc naipenda kuliko zote mbili, na nakiri kwamba hapa kuna mahaba kidogo. Ina visanduku vya tahadhari, majedwali yanayovumilia orodha ndani ya chumba, na maandishi yanayojitokeza kwa sharti, kwa mfano kwa toleo la kulipia pekee. Lililo bora zaidi ni uwezo wa kuvuta kipande cha msimbo kutoka kwenye faili halisi lililowekewa alama, kwa hiyo mfano ulio kwenye mwongozo ndio ule ule unaojaribiwa kila siku. Hasara yake ni kwamba wachangiaji wengi hawaijui, na wengine watakuandikia Markdown humo humo wakidhani ni hiyo.

DITA, iliyoanzia IBM na kuwa kiwango cha OASIS, shirika la kuweka viwango, mwaka 2005, ni ulimwengu mwingine. Unaandika mada fupi fupi kwa XML, kisha unazipanga upya kwa bidhaa tofauti. Mtengenezaji wa mitambo mwenye bidhaa nyingi zinazofanana na miongozo ya lugha nyingi ananufaika nayo kweli. Kikundi cha watu watatu chenye programu moja kikiichukua ni kama kununua trela kwa ajili ya kubeba gunia moja.

Kuhusu MkDocs, Docusaurus, Hugo na wenzao wanaogeuza matini kuwa tovuti, sina mengi. Angalia mambo mawili: kama utafutaji unafanya kazi vizuri, na kama msomaji anaweza kuchagua nyaraka za toleo analotumia. Rangi utabadilisha baadaye.

Matini ndani ya Git ina masharti yake, hata hivyo. Inafaa pale ambapo wanaojua ukweli wa jambo ni wasanidi. Mahali ambapo ukweli huo uko kwa watu wa huduma kwa wateja, wanaosikia kila siku mtumiaji amekwama wapi, kuwalazimisha wajifunze matawi na maombi ya kuunganisha mabadiliko ni kuwafungia mlango. Wataacha kuandika, na watakuwa na haki. Wape wiki, yaani tovuti ambayo kila mmoja huihariri moja kwa moja, au weka kwenye kila ukurasa kiungo cha kuhariri kinachofunguka ndani ya kivinjari. Lakini wiki nayo ina deni lake: kwa kawaida ina sura moja tu ya ukweli, ile ya leo, na mtumiaji aliyebaki kwenye toleo la zamani atasoma maelekezo yasiyomhusu. Pima lipi linakuumiza zaidi.

Kuhusu mbinu, mgawanyo wa nyaraka katika aina nne ulioenezwa na Daniele Procida kwa jina la Diátaxis umenisaidia: somo la kumshika mkono mgeni, mwongozo wa kutimiza kazi fulani, marejeo ya kuangalia jambo upesi, na maelezo ya kwa nini mambo yako yalivyo. Mimi huutumia kama kipimo cha ugonjwa. Ukurasa ukinichosha bila kujua kwa nini, mara nyingi nakuta somo limesimamishwa katikati ili kumweleza mgeni chaguo zote za amri, ilhali yeye anataka tu programu iwake. Naondoa ule mzigo na kuupeleka kwenye marejeo. Nisichokushauri ni kuunda folda nne tupu siku ya kwanza kisha kutafuta cha kuzijaza.

Marejeo yenyewe yatoe kwenye msimbo inapowezekana: Doxygen kwa C++, Javadoc kwa Java, maelezo ya OpenAPI kwa huduma za wavuti. Yatakuwa na orodha kamili ya vigezo bila mtu kukesha. Usidanganyike tu kwamba kazi imeisha. Kuandika kwamba kazi inayoitwa getName "hurejesha jina" ni kumpotezea msomaji muda. Anachotaka kujua ni kinachotokea jina likiwa halipo.

Na mifano ijaribiwe na mashine. Python ina doctest, na kwenye Rust mifano iliyo ndani ya maelezo ya msimbo huendeshwa pamoja na majaribio mengine kwa amri ya cargo test. Ongeza ukaguzi wa viungo vilivyokufa kila badiliko linapoingia. Hakuna mhariri, hata awe makini vipi, atakayebofya kila kiungo kila wiki.

Picha za skrini huchakaa kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo ziweke pale tu ambapo maneno yameshindwa. Michoro ya mtiririko iandike kwa matini pia, kwa Mermaid, PlantUML au Graphviz, zana zinazogeuza maandishi kuwa mchoro. Tangu mwaka 2022 GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za Git, huonyesha Mermaid moja kwa moja ndani ya Markdown. Mchoro ukiwa na visanduku vingi mashine huupanga vibaya. Hapo mimi huugawa, au nauchora kwa mkono na kuhifadhi faili la chanzo karibu na picha.

Ukiwa bado unasita kati ya zana mbili, usizijaribu kwa ukurasa mwepesi. Chukua ule mbaya kuliko yote ulio nao: wenye jedwali pana, tahadhari katikati ya hatua zilizopewa namba, na msimbo ndani ya hatua. Uandike kwa kila zana, kisha mpe mwenzako asiyependa kuandika abadilishe jina la chaguo moja kila linapotokea, nawe kaa pembeni bila kumsaidia. Utakapoona anauliza, ndipo penye gharama. Kuhusu kuhamisha yaliyopo, Pandoc, zana ya kugeuza hati kutoka muundo mmoja kwenda mwingine iliyoanza mwaka 2006, itabeba sehemu kubwa ya mzigo. Vichwa, aya na orodha hupita vizuri. Visanduku maalumu, marejeo ya ndani na majedwali magumu ndivyo vitakavyokula muda wako, basi vihesabu kabla hujaahidi tarehe. Na ukikuta ni vingi mno, huku watu wakiendelea kusahihisha kurasa za sasa bila kulalamika, usihame.