Maswali ya wasomaji: Kuzitofautisha "in", "on" na "at"

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nilisoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hadi chuo, na sasa kazi yangu inanidai ripoti za Kiingereza. Kila ripoti hurudi imesahihishwa "in", "on" na "at", ilhali kamusi inazifasiri zote tatu kuwa "katika". Nizitofautisheje? (Msomaji wa Himbi, Goma)

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Kamusi haikukosea, ila imekupa kidogo kuliko unachohitaji, kwa sababu Kiingereza hakitaji tu mahali kitu kilipo, bali huonyesha pia jinsi msemaji anavyopatazama mahali hapo. Akiona mahali penye ndani, husema "in". Akiona uso au ukingo ulioguswa, husema "on". Akiona nukta tu, bila kujali ndani wala juu, husema "at".

Tulitazame Ziwa Kivu. Sisi husema sambaza, wale samaki wadogo, wako ziwani na mashua iko ziwani, na kiambishi kimoja kinatutosha. Kwa Kiingereza sambaza wako "in the lake", kwa kuwa maji yamewazunguka, lakini mashua iko "on the lake", kwa kuwa imekaa juu ya maji. Tena husemwa "Goma is on Lake Kivu", na hapo wengi hushangaa, kumbe maana yake ni kwamba mji umepakana na ziwa. Ukisafiri kwenda Bukavu, utakuwa "on the boat", kwani ndani ya meli waweza kusimama na kutembea, kama ilivyo "on the bus". Bali katika teksi, ambamo unakaa tu, utakuwa "in a taxi". Ukifika utaandika "arrive in Bukavu" kwa mji, au "arrive at the port" kwa bandari, lakini kamwe usiandike "arrive to", hata kama "arriver à" ya Kifaransa inakuvuta huko.

Kiswahili chenyewe kinaweza kukusaidia, maana tunatenganisha "nyumbani mwake" na "nyumbani pake": ya kwanza inakaribia "in", ya pili inakaribia "at". Msaada huo unaishia hapo, kwani "on" haina ngeli yake kwetu, nasi hulazimika kusema "juu ya" au "kando ya".

Kwa wakati, kanuni ni nyepesi zaidi: "at" ni ya saa, "on" ni ya siku na tarehe, "in" ni ya mwezi na mwaka. Volkano ya Nyiragongo ililipuka "in 2021", "in May", "on 22 May". Ililipuka jioni, yaani "in the evening", lakini ukiitaja siku yenyewe, kihusishi hubadilika kuwa "on Saturday evening". "At night" haifuati mpango huo, ikariri tu.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa linawasumbua sana waliosoma kwa Kifaransa. "Depuis" ya Kifaransa hubeba maana mbili, "kwa muda wa" na "tangu", na ndiyo maana mjini kwetu husikika "niko hapa tangu miaka mitatu". Kiingereza huzitenga: kipindi hutajwa kwa "for", kama "for three years", na mwanzo wa kipindi hutajwa kwa "since", kama "since 2002". Kabla ya kuandika, jiulize kama maneno yanayofuata yanajibu "kwa muda gani?" au "tangu lini?", la kwanza linataka "for", la pili "since".