Maswali ya wasomaji: rg inasema hakuna, na faili lipo

Toleo lililopita tuliwahimiza wasomaji wanaoandika programu wajaribu ripgrep, chombo cha kutafuta maneno ndani ya mafaili ya mradi mzima. Andrew Gallant alikitoa mwaka 2016, akakiandika kwa lugha ya Rust. Kifurushi kinaitwa ripgrep lakini amri yake ni rg. Kwenye Ubuntu na Debian husakinishwa kwa sudo apt install ripgrep, kwenye Windows kwa winget install BurntSushi.ripgrep.MSVC, kwenye Mac kwa brew install ripgrep, na kwenye simu ya Android yenye Termux kwa pkg install ripgrep. Haya ni baadhi ya maswali yaliyotufikia.

SWALI: Wahariri, poleni na kazi. Nina mradi wa Laravel (mfumo wa kuandikia tovuti kwa PHP). Najua fika kwamba DB_PASSWORD imo kwenye faili la .env, maana nimeiandika mwenyewe. Nikiandika rg DB_PASSWORD naletewa config/database.php peke yake. Nikirudi kwenye grep -r, amri ile ya zamani ya kutafuta maneno, .env linaonekana. Je, chombo hiki ni kibovu? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Si kibovu, ndivyo kilivyoundwa. Usipokielekeza vingine, rg huacha vitu vya aina tatu: kila kilichotajwa kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git, chombo cha kuhifadhi matoleo ya msimbo, haipaswi kuyafuatilia), kila faili au folda ambayo jina lake linaanza na nukta, na mafaili yasiyo ya maandishi kama picha na hifadhidata. Faili lako la .env limenaswa mara mbili. Jina lake linaanza na nukta, na Laravel imeliweka kwenye .gitignore ili nywila zisipelekwe GitHub. Ndiyo maana hata ungeongeza --hidden usingeliona: kizuizi cha kwanza kingeondoka, cha pili kingebaki palepale.

Swichi ya kukumbuka ni -u, ambayo hupanda kwa ngazi. Moja, -u, huacha kutii .gitignore. Mbili, -uu, huingia pia kwenye vilivyofichwa. Tatu, -uuu, husoma hata mafaili yasiyo ya maandishi. Kwa hiyo:

rg -uu DB_PASSWORD

Hapo .env litatokea, lakini litakuja na vendor na node_modules (folda za maktaba za watu wengine), storage/logs na matumbo ya .git, na jibu lako litazama humo. Zikate folda hizo kwa -g yenye alama ya mshangao:

rg -uu -g '!vendor' -g '!node_modules' -g '!.git' DB_PASSWORD

Ukilitaja faili kwa jina, kama rg DB_PASSWORD .env, vizuizi vya .gitignore na vya nukta havihusiki; rg huona umelitaka wewe mwenyewe. Na kama ni jambo la kila siku, tengeneza faili liitwalo .ignore kwenye mzizi wa mradi, uandike ndani yake mstari mmoja tu: !.env. Faili la .ignore lina nguvu kuliko .gitignore mbele ya rg, na Git yenyewe hailisomi kabisa, hivyo nywila zako haziko hatarini.

Kabla ya kuamini kwamba kitu hakipo, endesha rg --files. Haitafuti neno lolote. Inaorodhesha mafaili ambayo rg ingeyasoma. Faili lako lisipokuwemo kwenye orodha hiyo, kosa si la neno ulilotafuta. Ukitaka kujua ni kanuni gani iliyolizuia, ongeza --debug kwenye utafutaji wako. Mistari inayotaja ignoring itakuonyesha faili na kanuni yake.

Jambo moja huwachanganya wengi: rg hutii .gitignore pale tu folda inapokuwa ndani ya hazina ya Git. Mwenzako akikutumia mradi uleule kwa zip bila folda ya .git, rg itazama kwenye vendor na node_modules na kukuletea matokeo tofauti kabisa na yake. Hapo tumia --no-require-git.

SWALI: Natafuta kigeu $bei_jumla kwenye PHP. Nikikiweka kwenye nukuu mbili naletewa kila mstari wa kila faili. Nikikiweka kwenye nukuu moja siletewi chochote. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Makosa ni mawili, na kila moja lina mwenyewe. Kwenye nukuu mbili aliyeingilia ni Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali: ameona $bei_jumla akadhani ni kigeu chake, hakukipata, akaweka utupu mahali pake. rg ikaambiwa itafute utupu, na utupu unapatikana kila mstari. Kwenye nukuu moja Bash ameiacha alama ya dola ilivyo, lakini sasa ni rg inayoisoma kama alama ya ruwaza yenye maana ya “mwisho wa mstari”. Hakuna mstari ambao baada ya kwisha unaendelea na bei_jumla.

Dawa ni -F, inayoiambia rg ichukue maandishi kama yalivyo:

rg -F '$bei_jumla'

Ukitafuta '$bei' na hutaki $bei_jumla ikuvurugie matokeo, ongeza -w (neno zima tu) iwe -Fw. Swichi hiyohiyo ya -F ndiyo itakayokuokoa ukitafuta lipa( na kuambiwa mabano hayajafungwa. PowerShell hufuata desturi ileile ya nukuu moja. Ile cmd ya zamani ya Windows haitambui nukuu moja kabisa, itazifanya sehemu ya neno linalotafutwa. Huko tumia mbili, kwani dola haina maana yoyote kwa cmd.

SWALI: Vidole vyangu vimezoea grep -rn. Nimeandika rg -rn mteja na kila mahali palipokuwa na mteja sasa pameandikwa n. Nimeogopa hata kufungua mafaili. Nimeharibu kazi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Fungua tu, yako salama. Kwenye grep, -r ni kuingia folda za ndani. Kwenye rg maana yake ni kubadilisha, na herufi inayoifuata, yaani n, ndiyo imechukuliwa kuwa neno jipya. Lakini mabadiliko hayo ni ya kwenye skrini tu. Rg haiandiki kwenye faili lolote. Kuingia folda za ndani inafanya yenyewe, na namba za mistari hukuonyesha yenyewe ukiwa kwenye terminali. Kwa hiyo rg mteja inatosha. Swichi -n utaihitaji pale tu unapoyapeleka matokeo kwenye amri nyingine au kwenye faili.

Ukitaka kubadilisha kwelikweli, hifadhi kwanza kazi yako kwa git commit, kisha mwachie perl auandike upya mradi:

rg -l0 -w mteja app | xargs -0 perl -pi -e 's/\bmteja\b/mnunuzi/g'

Swichi -l huleta majina ya mafaili badala ya mistari, na sifuri kwenye pande zote mbili huyalinda majina yenye nafasi ndani yake. Maliza kwa git diff, uusome wote. Amri hii haitagusa Mteja yenye herufi kubwa, wala mteja_id, wala wateja. Tunashauri hivyo vifanywe kimojakimoja. mteja_id huenda ni jina la safu kwenye hifadhidata, na ukiibadilisha kwenye msimbo peke yake programu itaanguka ikigusa jedwali.

SWALI: Mimi natumia VS Code tu. Kuna haja ya kusakinisha? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Kama huingii terminali, hapana. Utafutaji wa Ctrl+Shift+F wa VS Code umekuwa ukiendeshwa na ripgrep tangu 2017, na nakala yake huja ndani ya programu. Tofauti ni kwamba VS Code haibagui mafaili yanayoanza na nukta, ila inatii .gitignore na ina orodha yake ya kuacha, iliyo kwenye mipangilio kwa jina search.exclude, ambamo node_modules imo tayari. Bonyeza nukta tatu chini ya kisanduku cha kutafutia, uwanja wa mafaili ya kuachwa utafunguka, na kitufe chenye picha ya gia hapo pembeni ndicho huzima vizuizi hivyo. Pia ujue matokeo hukomea 20,000 usipobadilisha mpangilio.

Na kwa kutafuta wapi kazi (function) fulani inaitwa, usianze na utafutaji wa maneno hata kidogo. Shift+F12 hujua tofauti ya jina la kazi na neno lilelile lililo kwenye maelezo, ripgrep haijui.

SWALI: Rafiki yangu anabisha kwamba grep ni ya haraka vilevile. Tupime vipi bila kudanganyana? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Wengi hupima vibaya kwa sababu tatu. Ya kwanza, amri inayotangulia husoma diski, inayofuata hukuta mafaili yako kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo endesha kila moja mara mbili na uitupe ya kwanza. Ya pili, rg inaruka node_modules na grep hairuki, hivyo hazijafanya kazi moja. Ya tatu ndiyo ya hila: ukiyapeleka matokeo /dev/null (mahali pa kutupa matokeo), grep ya GNU hutambua kwamba hakuna msomaji, ikasimama kwenye neno la kwanza inalolikuta. Pimeni hivi:

time grep -rI mteja . | wc -l
time rg -uu mteja . | wc -l

Idadi mbili za mistari zikilingana au kukaribiana sana, linganisheni muda. rg hugawa mafaili kwa viini vingi vya kichakataji, kwa hiyo kwenye kompyuta ya viini vinane utaona tofauti kubwa kuliko kwenye ya viini viwili. Kugawa huko ndiko kunakofanya mpangilio wa matokeo ubadilike kila unapoendesha. Ukitaka mpangilio thabiti weka --sort path, lakini itarudi kutumia kiini kimoja. Kwenye matumizi ya kawaida, hata hivyo, sehemu kubwa ya kasi unayoihisi inatokana na kutozigusa kabisa folda zisizo zako.

SWALI: Nimeweka rg kwenye hati (script) inayokagua msimbo kabla ya kupandishwa kwenye seva, izuie dd( zilizosahaulika, yaani amri ya Laravel ya kuonyesha data na kusimamisha programu. Wakati mwingine hati inaganda, wakati mwingine inakatika pasipo kosa. — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Inaganda kwa sababu hukuipa folda. rg ikiendeshwa nje ya terminali bila kutajiwa mahali, inaweza kudhani maandishi ya kusoma yataletwa kwa bomba, ikakaa inayasubiri. Itajie ./app. Inakatika kwa sababu rg hurudisha namba 1 ikikosa neno, na hati yenye set -e huichukua 1 kuwa ajali, wakati kwako kukosa neno ndiyo heri. Zaidi ya hayo, dd( kwa -F itakamata pia add(. Andika:

kodi=0
rg -n '\bdd\(' ./app || kodi=$?

Kodi ikiwa 0, dd imepatikana, zuia. Ikiwa 1, ni safi, endelea. Ikiwa 2, rg yenyewe imeshindwa, labda folda imebadilishwa jina. Hapo simamisha kila kitu, kwani hati inayoipokea 2 kama “haikupatikana” itapitisha msimbo ambao haukukaguliwa.